Waziri Ndani ya Sambusa

Habari hii nilipewa na shoga yangu Bi Mwanakombo, msimu wa vuli uliopita, siku ile mvua ilipokataa kukatika tukabaki ukumbini kwake tunachambua choroko. Yeye aliipata kwa mpwa wake aliyekuwa akiuza mitumba katika nchi hiyo. Jina la nchi alinitajia, lakini nimelisahau, na msijisumbue kulitafuta. Ni mbali sana. Kwetu mambo kama haya hayapo, kila mtu anajua. Kwetu asali ni asali na nyama ni nyama.

Huko kwao haikuwa hivyo. Samli yao ilikuwa viazi vilivyopondwa vikatiwa rangi. Asali ilikuwa sukari iliyoungua. Samaki waliuzwa bila vichwa, kwa sababu kichwa ndicho kingesema huyu ni samaki gani. Maziwa ukiyaacha yatulie, chini ya sufuria unakuta tope jeupe kama la kupakia ukuta. Watu walinung'unika, kisha wakala, maana kunung'unika hakujazi tumbo la mtoto.

Serikali yao, nisiisingizie, haikukaa bure. Ilikuwa na Wizara ya Chakula Halisi. Wizara ilikuwa na Waziri, Mheshimiwa Kungurume, mtu mnene mwenye shingo ya matabaka. Na Waziri alikuwa na jino. Nasema Jino la Serikali. Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba chakula cha hadhara hakiwi chakula mpaka Waziri aking'ate kwanza. Analetewa sinia, anang'ata kimoja baada ya kimoja, kidogo tu, pembeni, anafumba macho, anatafuna, anasema, "Nimethibitisha." Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kula, na hapo hapo inakuwa kosa kusema chakula kina kasoro. Kabla ya kung'atwa, kwa sheria yao, mkate si mkate na andazi si andazi. Ni vitu tu. Kwa hiyo watu wa nchi ile walioana na kuzikana wakila maandazi yenye alama za meno ya mtu mwingine, yamelowa kidogo pembeni, na wakaona ni heshima. Mwenye kupata lililong'atwa kwa nguvu zaidi alionekana ana bahati.

Lakini mwenye habari hii si Waziri. Ni Bi Sikudhani, mjane wa mtaa wa Kisimani, mkaanga sambusa. Sambusa zake hazikufunguka ndani ya mafuta hata siku moja, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu sifa zilifika Ikulu, na kila ilipofika Siku ya Shibe aliitwa yeye. Siku ya Shibe Serikali inalisha wananchi sambusa uwanjani ili ionekane kwamba hakuna mwenye njaa. Nyama inatoka Ghala la Taifa, na Ghala la Taifa ni mali ya shemeji wa Rais, na kwenye mapipa yake imeandikwa kwa rangi nyekundu: Ng'ombe Safi.

Mwaka ule mapipa yalipofunguliwa, Bi Sikudhani alirudi nyuma hatua. Nyama ilikuwa nyeusi, inanata vidoleni kama gundi, ina harufu tamu ya jasho la muda mrefu. Akaichemsha, povu likapanda la manjano. Akaimwaga, akaiosha kwa ndimu, akachemsha tena, povu likarudi lile lile. Ndani ya pipa la pili akakuta kipande cha ngozi yenye manyoya mafupi ya kijivu, na katikati ya manyoya pana kovu jeupe, refu, lililonyooka, pale kamba ya mzigo ilipokuwa ikisugua.

Alimwita bwana ghala, akamwonyesha. Bwana ghala akatazama kovu kwa adabu, akasema ni ng'ombe wa kigeni. Bi Sikudhani akamuuliza ng'ombe gani huyo anayebeba magunia. Akajibiwa kwamba nchi za wenzetu ng'ombe wanachapa kazi, ndiyo maana wameendelea, na kwamba akizidisha tangawizi mambo yatakuwa sawa. Mlangoni mwa jiko walisimama askari wawili. Akazidisha tangawizi. Akazidisha na bizari, na vitunguu, na pilipili manga, mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya vitunguu. Alijua anawalisha watu haramu kwa mikono yake, na alijua pia kwamba mpishi mwenzake wa mwaka uliotangulia katika jiko lile, aliyelalamika kuhusu mchele, hakuonekana tena sokoni.

*

Mwaka huo huo ndipo ilipokuja Mashine.

Wakopeshaji wa nje walikuwa wamesema hawatoi tena senti mpaka nchi ionyeshe kwamba inajua inakula nini. Ikaletwa mashine ya kupima vinasaba, nyeupe, inayolia kama jokofu. Pamoja nayo akaja mtaalamu, binti wa nchi ile ile aliyesoma mbali, Daktari Nasiche. Yeye alieleza redioni kwa maneno mepesi hata Bi Sikudhani jikoni akaelewa: kila kiumbe kimeandikwa ukoo wake ndani ya mwili, maandishi madogo yasiyoonekana kwa jicho, na hata ukikisaga, ukikikaanga, ukikitia bizari, maandishi yanabaki. Bi Sikudhani akazima moto, akakaa kwenye kigoda. Aliogopa, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kama faraja.

Mtaniuliza, Rais alikubalije sambusa za shemeji yake zipimwe. Nami nilimuuliza Bi Mwanakombo swali hilo hilo. Akaniambia Rais hakuona hatari yoyote. Mashine ni ya Serikali, itasema nini zaidi ya maneno ya Serikali?

Rais, ambaye cheo chake kamili kilikuwa Mtukufu Mlezi wa Matumbo, aliizindua kwa mikono yake uwanjani, Siku ya Shibe yenyewe. Mashine ilivishwa kanga ya Taifa, ikasomewa dua, ikapewa gari na dereva ingawa haiendi popote, na ikapitishwa sheria kwamba kitu kilichokatiwa utepe na Rais hakikosei. Akahutubia:

"Ndugu wananchi, kuanzia leo hakuna kiumbe kitakachoingia tumboni mwenu kwa jina la bandia. Mimi nimeyalea matumbo haya tangu yakiwa madogo. Leo nayapa macho."

Watu wakapiga makofi, wengine wakiyashika matumbo yao kuona kama yameanza kutazama.

Daktari Nasiche akaomba sambusa kutoka jikoni, ambazo hazijaguswa na mtu. Wizara nzima ikamcheka. Sambusa isiyong'atwa na Waziri, wakamweleza kwa upole, si chakula, na mashine ya Serikali haiwezi kupima kitu ambacho kisheria hakipo. Akaeleza kwamba kinywa cha mtu kinaacha alama zake. Wakamwambia anyamaze, wageni wanasikia. Basi Mheshimiwa Kungurume akang'ata sambusa kama kawaida yake, akafumba macho, akathibitisha, mafuta yakimchuruzika kwenye tabaka la kwanza la shingo na kuingia la pili, na zile zile alizong'ata ndizo zilizochukuliwa vipande. Nyingine, zilizong'atwa vilevile, zikaliwa uwanjani. Rais alikula. Majaji, mabalozi na masheha walikula. Wengine walifunga na za nyumbani.

Majibu yalisomwa redioni moja kwa moja, kwa kuwa Rais aliahidi hivyo. Mtangazaji akasoma la kwanza: punda. Uwanja mzima ukaacha kutafuna. Akasoma la pili, kwa sauti iliyokuwa ikififia: binadamu, mwanamume.

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo punda aliposahauliwa. Hakuna aliyemtaja tena siku ile. Shemeji wa Rais alionekana akijifuta jasho na kutabasamu. Bi Sikudhani alikamatwa akiwa bado ameshika upawa.

*

Walimkalisha sakafuni katika ukumbi wa Wizara, akisubiri wajue amemsaga nani. Serikali ilitaka kuwapima mate wananchi wote, na Mheshimiwa Kungurume, ili awe mfano, akatangulia yeye mbele ya kamera. Akatema kwenye kichupa, akainua kichupa juu kama kombe. Mashine ikalia, ikatoa karatasi. Daktari Nasiche akaisoma, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Ni wewe, Mheshimiwa," akasema. "Ni mate yako. Uling'ata, yakabaki. Hakuna mtu aliyesagwa. Kilichosagwa ni punda."

Bi Sikudhani akafunga macho akamshukuru Mungu. Alishukuru mapema.

Rais aliinuka polepole. Akamuuliza Daktari kama anajua anachosema. Jino la Serikali, akamkumbusha, kwa sheria ya mwaka wa uhuru, halina mate. Likiwa na mate, basi Taifa hili limekuwa likila mate tangu uhuru. Wageni mashuhuri wamekula mate. Yeye mwenyewe Mlezi wa Matumbo amekula mate ya Kungurume. Je, Daktari alikuwa anasema hivyo? Binti akasema ndiyo, hivyo hasa. Kesho yake akahamishiwa idara ya kupima mvua, katika wilaya ambayo mvua hainyeshi.

Wakabaki na hesabu ngumu. Mashine haikosei. Jino halina mate. Waziri yumo ndani ya sambusa. Kama hakuingia kwa mate, aliingia kwa nyama.

"Kungurume, ndugu yangu," Rais akasema, akimshika bega kama anavyoshikwa mfiwa, "hapo ulipo una njia mbili. Ukiwa hai, wewe ni mtu aliyetemea chakula cha Taifa mate muda wote huo, na adhabu yake unaijua, uliitunga wewe. Ukiwa umekufa, umekufa shujaa, kazini. Tutakuzika kilimani."

Mheshimiwa akawaza. Akauliza kama mshahara utaendelea. Akaambiwa utaendelea, marehemu wengi wanalipwa. Akauliza kama kutakuwa na barabara yenye jina lake. Akaambiwa ya lami. Kisha akamwona Bi Sikudhani pale chini kati ya askari, maana kama yeye amekufa lazima pawe na aliyemuua, na macho yao yakakutana. Bi Sikudhani alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenye ufunguo. Mheshimiwa akageuza macho akatazama zulia.

"Basi," akasema, "Mungu anilaze mahali pema."

*

Mazishi yale msinitake niyaeleze yote, bado sijala. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo walikusanya sambusa zilizosalia, zenye alama za meno, maana Waziri kwa sheria alikuwa humo, wakazitia kwenye jeneza la mninga. Jeneza likawekwa ukumbini watu wapite kutoa heshima. Ilikuwa kaskazi, jua linapasua kichwa. Mafuta yakapenya mbao yakaanza kudondoka kwenye marumaru, tone baada ya tone, na chini yake nzi wakajipanga. Wakuu waliinama mbele ya jeneza wameziba pua kwa leso, na redio ikasema ni kilio. Balozi mmoja aliinama akakawia kuinuka, wakamtoa amebebwa. Harufu ilivuka barabara ikaingia rumande, na Bi Sikudhani alikaa nayo mchana kutwa, tangawizi yake mwenyewe juu ya mzoga, mpaka akatapika kwenye ndoo.

Marehemu alikaa safu ya mbele, suti nyeusi. Mwisho akatoa shukrani kwa niaba ya wafiwa.

Kaburi lilijengwa kilimani kama nyumba, lina vigae, lina mlango wa chuma na walinzi. Wake zake wakaingia eda. Na baada ya hapo ikaja kesi ya Bi Sikudhani, na adhabu ya kumsaga Waziri katika nchi ile ni kunyongwa.

*

Mahakamani, Mheshimiwa Kungurume aliletwa kama kielelezo. Alikaa kwenye kiti chenye namba, anamenya karanga. Mwendesha mashtaka akimtaja alisema "Marehemu Mheshimiwa," na Marehemu aliitikia kwa kichwa.

Bi Sikudhani aliulizwa kama anakiri. Akasema hakumsaga mtu, mtu mwenyewe yule pale, maganda ya karanga yamemjaa mapajani. Jaji akamwambia mahakama haitazami viti, inatazama ushahidi, na ushahidi wa mashine haukosei. Akaomba Marehemu aulizwe mwenyewe. Jaji akageuka. Mheshimiwa akaacha kutafuna. Kwa muda mdogo alikuwa na mdomo wazi, na Bi Sikudhani aliliona neno liko pale ulimini, neno moja tu. Kisha akaufunga, akasema kwa masikitiko kwamba marehemu hana la kusema.

Mwendesha mashtaka sasa akapandisha sauti. Kama Marehemu alisagwa, mwili wa mtu wa uzito ule usingetosha kwenye jeneza moja dogo. Akamnyooshea kidole Bi Sikudhani, aiambie mahakama uliosalia uko wapi.

Bi Sikudhani alikuwa amechoka. Alikuwa amelala sakafuni siku nyingi, harufu ile haijamtoka puani, na hakuwa na hila yoyote. Alijibu alichoulizwa.

"Mmeula," akasema. "Wewe, Jaji, ulikula uwanjani nikikuona, ukanituma nikufungie na za watoto. Wewe mwendesha mashtaka ulirudi kwenye sinia mpaka nikakuonea haya. Rais alikula, na mama yake alikula. Kama mnasema alikuwa humo, basi mnaye."

Ganda la karanga likamponyoka Marehemu. Mwendesha mashtaka akaweka mkono tumboni. Jaji akaanza kubadilika rangi, kutoka weusi wake mzuri kwenda majivu, akainuka, akalifikia dirisha kwa shida, akainama nje na joho lake. Karani akamfuata. Wazee wa baraza wakagombea mlango. Watu hawa wote walijua Waziri yupo hai, wanamwona, lakini walikuwa wamelisema lile la kusagwa kwa muda mrefu hata matumbo yao yakaliamini. Huyo punda walikuwa wamemmeza wao wote, na ngozi yake na kovu lake, hakuna aliyemtemea hata mate.

Na kumla mtu, katika sheria za nchi ile, adhabu yake ni hiyo hiyo ya kumsaga. Ukimnyonga mpishi, kamba inabidi ifike Ikulu.

Jaji aliporudi alikuwa na karatasi iliyoletwa na pikipiki ya Ikulu. Akasoma akijifuta ndevu:

"Mahakama imeridhika kwamba Marehemu alisagwa. Mahakama imeridhika vilevile kwamba aliyemsaga hakumsaga, na waliokula hawakula. Siku ya Shibe ya mwaka huu inafutwa kwenye kalenda, haikuwapo. Mshtakiwa aende zake na asirudie."

Marehemu akainua mkono kuuliza: kama siku yenyewe haikuwapo, yeye basi amekufa lini? Jaji akamwambia hilo si swali la mahakama, hati ya kifo imekwisha kupigwa muhuri.

*

Bi Sikudhani alikwenda nyumbani kwa miguu. Njiani, penye lango la Ghala la Taifa, foleni ilizunguka ukuta. Serikali ilikuwa imepunguza bei kuliwaza taifa. Mapipa ni yale yale, maandishi mekundu yale yale. Akasimama, akamshika mkono mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamnong'oneza kwamba mle ndani ni punda, mashine ilisema, yeye mwenyewe aliiona ngozi.

"Najua, dada," yule mama akasema, akisogeza kapu mbele. "Punda afadhali. Mradi si Waziri."

Alipofika kwake akachota maji, akasugua mikono kwa sabuni na majivu na ndimu, akainusa, akasugua tena. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka, jua la alasiri linaingia kwa ufa wa dirisha, mlango ukabishwa.

Ni Mheshimiwa Kungurume. Suti ile ile ya mazishi, viatu mkononi.

"Bi Sikudhani, nisitiri," akasema. "Nyumbani wamenifungia. Wake zangu wako eda, hawaruhusiwi kumwona mwanamume. Mpishi wangu aliponiona alinisomea dua akarudisha mlango. Hotelini wananiambia hawapiki mpaka arobaini yangu ipite. Nipe hata uji."

Bi Sikudhani hakuinuka. Akamwambia pale pale mkekani:

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema, baba. Kwamba uko hai. Mbona hukulisema?"

"Wangenivua uwaziri."

"Na mimi wangeninyonga."

Mheshimiwa alitazama miguu yake. Alikuwa mkweli kidogo, kwa vile hapakuwa na kamera. "Hilo nililifikiria," akasema. "Ila baadaye."

Bi Sikudhani akasimama sasa. Akamletea maji kwenye kata, hakuyanyima, akamngoja anywe mpaka mwisho. Akaipokea kata, akaisuuza mbele yake, akaisuuza tena.

"Humu huwezi kuingia," akasema. "Kesho watasema nimeficha maiti, na safari hii watakuwa na mwili, wewe. Una nyumba kilimani. Ina vigae, ina mlango wa chuma. Mimi yangu inavuja. Nenda kwako."

Akafunga mlango, akarudi kwenye mkeka, akalala kabla hajajifunika.

Mheshimiwa alipanda kilima polepole, anasimama kupumzisha shingo. Walinzi walimpigia saluti, maana walikatazwa kumwingiza aliye hai tu, wakamfungulia. Ndani palikuwa na baridi nzuri na harufu isiyoelezeka. Alijaribu kukaa kwenye kizingiti, jua likamchoma, akaingia katikati, harufu ikamzidi, akarudi, akaingia. Mwishowe akavua tai akajifunga puani, akajinyoosha juu ya vigae, sambamba na sambusa zake zilizo chini, akakunja mikono kifuani kama alivyoona kwenye picha za wakubwa wengine. Punde mkoromo ukaanza kutoka kaburini. Walinzi wakavua kofia, wakawaambia wageni waliokuja na mashada wapunguze sauti, Marehemu amelala.